Anza na Ukurasa wa Nyuma: Namna ya Kusoma Barua ya Kadi ya Mkopo Marekani

Jumamosi moja asubuhi kijana wa kwetu, ambaye hakuwa ametimiza hata miezi minane tangu afike Columbus, Ohio, alinibishia hodi akiwa na bahasha mkononi. "Shikamoo mama. Wamenipitisha! Dola elfu moja." Nikaitikia marahaba, nikabandika maji ya chai, nikaipokea ile bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi nne zilizokunjwa pamoja. Alikuwa amesoma ya kwanza tu, ile yenye rangi na jina lake kwa herufi kubwa.

Nikamwonyesha neno lililotangulia hiyo elfu moja: "hadi". Kisha nikageuza karatasi ya nne, ya kijivu, yenye maandishi kama safu ya sisimizi. Humo iliandikwa kwamba kikomo cha kuanzia ni dola 300, ada ya mwaka ni dola 75, na ada hiyo inakatwa siku akaunti inapofunguliwa. Yaani kadi inafika, hujanunua hata mkate, tayari unadaiwa 75 na umebakiwa na 225 za kutumia. Akaikodolea macho. "Sasa mama, hawa wamenipitisha wapi?"

Kukopa harusi, kulipa matanga. Huku harusi inaletwa na tarishi mpaka mlangoni, na gharama za matanga zimo kwenye bahasha hiyohiyo. Mwongozo huu ni wa kuzisoma. Nimewaandikia wenzangu tunaoishi Marekani, maana sheria ninazozitaja ni za huku. Ukiwa Nairobi au Dar es Salaam sheria ni nyingine, ingawa baadhi ya mitego utaitambua.

Hatua ya 1: Weka pembeni karatasi yenye rangi, tafuta jedwali

Kila barua ya kadi ya mkopo lazima iwe na jedwali la riba na ada. Sheria ya mwaka 1988 ndiyo iliyowalazimisha watoaji wa kadi kuyaweka mambo hayo mahali pamoja, kwa mpangilio unaofanana toka benki moja hadi nyingine. Wenyewe wanaliita sanduku la Schumer, kwa jina la Charles Schumer, aliyekuwa mbunge wa New York wakati huo. Mara nyingi liko karatasi ya mwisho au nyuma ya fomu ya maombi. Ukiwa mtandaoni, litakuwa nyuma ya kiungo kidogo kinachosema "rates and fees".

Kwa hiyo kusema masharti "yamefichwa" si sahihi sana. Yameandikwa yote, ila yamewekwa mahali ambapo macho yako yatafika yakiwa yameshachoka. Ndiyo maana nasema anza huko, chai ikiwa bado ya moto.

Chukua kalamu. Zungushia kila nambari. Halafu zungushia maneno matatu ya Kiingereza kila utakapoyakuta: up to, if na variable. La kwanza ni "hadi", na maana yake ni kwamba si lazima upate kiasi hicho. La pili ni "iwapo", na linabeba sharti ambalo ukilivunja ahadi yote inaanguka. La tatu linasema nambari hii inaweza kupanda bila wao kukuomba ruhusa, kwa kuwa imefungwa kwenye riba ya msingi ya mabenki, nayo hufuata maamuzi ya benki kuu ya Marekani.

Dukani mambo ni tofauti kidogo. Unalipa nguo za watoto, mwenye kaunta anakuuliza kwa tabasamu kama ungependa kupunguziwa asilimia 20 leo hii. Hiyo ni kadi ya mkopo, si kadi ya pointi. Nyuma yako kuna foleni, jedwali liko kwenye kiskrini cha kubonyeza "nakubali". Mwambie asante, nitaisoma nyumbani. Riba za kadi za maduka nyingi zimeshavuka asilimia 30, na hilo punguzo la leo linamezwa na riba ukilibeba deni kwa miezi mingi.

Hatua ya 2: Hesabu riba ziko ngapi

Mgeni husoma herufi APR, riba ya mwaka, akadhani ni moja. Ziko tatu au nne: ya manunuzi, ya deni lililohamishwa kutoka kadi nyingine, ya pesa taslimu, na wakati mwingine ya adhabu. Iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni ya manunuzi. Zisome zote.

Riba hiyo ya manunuzi nayo mara nyingi inakuja kama umbali kati ya nambari mbili, tuseme asilimia 19.99 hadi 29.99, kutegemea historia yako ya mikopo. Utakayopewa utaijua baada ya kuomba, na ombi lenyewe linaacha alama kwenye historia yako kwa miaka 2. Kama hujakaa nchini sana, jipimie na nambari ya juu. Usijipimie na ya chini kwa kuwa jina lako limeandikwa vizuri kwenye bahasha.

Kuigeuza nambari hiyo iwe pesa unayoweza kuiona, igawe kwa 365. Asilimia 29.99 kwa mwaka, kwenye deni la dola 1,000, ni kama senti 82 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Na kadi nyingi huijumlisha riba ya leo kwenye deni la kesho.

Utajiuliza riba za namna hii zinaruhusiwaje. Tazama anwani ya kurudishia bahasha: si ajabu ukakuta Sioux Falls, South Dakota, au Wilmington, Delaware. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya Marquette, kwamba benki yenye leseni ya taifa inaweza kumtoza mteja wa jimbo lolote riba inayoruhusiwa katika jimbo la makao yake. South Dakota ikaondoa kikomo cha riba mwaka 1980, Citibank ikahamishia huko biashara yake ya kadi, na Delaware ikafuata mwaka 1981. Hivyo kikomo cha riba cha jimbo unaloishi wewe, hata kama kipo, kwa kadi hizi hakikukingi.

Hatua ya 3: Ukiona sifuri, uliza ni sifuri ipi

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo nilipoona watu wazima, wasomi, wakitoka na machozi.

Sifuri ni mbili. Ya kwanza imeandikwa "0% intro APR for 12 months". Hii ni sifuri kweli kwa muda uliotajwa. Muda ukiisha, riba ya kawaida inaanza kuhesabiwa kwenye kiasi kilichobaki tu. Kwa sheria ya mwaka 2009, ofa ya namna hii haiwezi kuwa chini ya miezi 6, na wakati huo hawakupandishii riba ya deni hilo isipokuwa umechelewa kulipa kwa zaidi ya siku 60.

Ya pili imeandikwa "No interest if paid in full within 12 months". Umeiona ile "if"? Hii si sifuri, ni riba iliyowekwa kiporo. Inahesabiwa kimyakimya tangu siku ya kwanza, na ikifika mwisho wa mwezi wa 12 deni likiwa limebaki hata dola moja, kiporo chote kinapakuliwa. Utaikuta zaidi kwenye maduka ya fanicha, ya vifaa vya umeme, na kwa madaktari wa meno.

Tuseme umenunua makochi na kitanda kwa dola 1,800, riba ya asilimia 29.99, miezi 12. Umejipangia dola 140 kila mwezi, ukalipa bila kukosa. Mwaka ukiisha umelipa 1,680 na zimebaki 120. Ingekuwa sifuri ya kwanza, riba ingeanza kwenye hizo 120. Kwa sifuri ya pili wanarudi mpaka siku ulipobeba makochi: deni lako kwa wastani wa mwaka mzima lilikuwa kama dola 1,030, na asilimia 29.99 yake ni zaidi ya dola 300. Kwa kukosa 120, unaongezewa 300 na ushee.

Na usitegemee kiasi kidogo wanachokuandikia kila mwezi kuwa ndicho kitakachokufikisha. Hakikupangwa kukufikisha. Chukua bei, gawa kwa miezi pungufu ya mmoja. Dola 1,800 kwa 11 ni 164 kwa mwezi. Weka kiasi hicho kikatwe chenyewe kutoka kwenye akaunti yako ya benki, na usinunue kitu kingine kwa kadi hiyo mpaka makochi yaishe, maana madeni mawili kwenye kadi moja huvuruga hesabu ya malipo yako yanakwenda wapi.

Hatua ya 4: Tafuta mstari wa pesa taslimu kabla nyumbani hawajapiga simu

Usiku wa manane simu inalia. Mama mdogo kalazwa, zinatakiwa dola 400 asubuhi. Mshahara unaingia Ijumaa na leo ni Jumanne. Unafungua programu ya kutuma pesa, inakuuliza ulipie kwa akaunti ya benki, kwa kadi ya benki au kwa kadi ya mkopo. Unabonyeza kadi ya mkopo, pesa zinafika kwenye simu ya dada yako ndani ya dakika tano, unashusha pumzi.

Watoaji wengi wa kadi hawalihesabu hilo kuwa manunuzi. Wanalihesabu kuwa umechukua pesa taslimu, kama vile umesimama kwenye mashine ya pesa. Kwenye jedwali mstari wake unaitwa "Cash Advance", nao una mambo mawili. Kwanza ni ada: mara nyingi dola 10 au asilimia 5, wanachukua iliyo kubwa. Kwa dola 400 ni 20. Pili ni riba yake yenyewe, ambayo huwa juu kuliko ya manunuzi, na inaanza siku hiyohiyo. Zile siku za nafuu unazopata ukinunua mchele, ambapo ukilipa deni lote kwa tarehe hulipi riba, hapa hazipo. Kwa asilimia 29.99, siku 30 za dola 400 ni karibu dola 10. Jumla 30, na bado hujahesabu ada ya mtumaji wala alichopunja kwenye bei ya kubadilishia fedha.

Ndugu zangu mnaoikwepa riba kwa sababu ya dini, mkatumia kadi kwa kulipa deni lote kila mwezi, huu mstari uangalieni mara mbili. Unaweza kulipa kwa tarehe, senti kwa senti, na riba ikawa imeshaingia.

Cheki zinazokuja zimefungwa ndani ya barua ya kadi, zenye jina lako tayari, nazo kwa kawaida hupita mlango huohuo au mlango wa kuhamisha deni. Money order vilevile, na michezo ya kubahatisha. Dawa ni nyepesi: tuma pesa kwa akaunti ya benki au kadi ya benki hata kama itachelewa kidogo, na piga simu kwa mtoaji wa kadi uombe kikomo cha pesa taslimu kishushwe mpaka chini kabisa. Baadhi yao hukubali kukifanya sifuri. Hapo hata ukibonyeza kwa usingizi, kadi itakataa.

Hatua ya 5: Ada za safari, za kuhama na za kuchelewa

Ukienda likizo nyumbani, tafuta mstari wa "Foreign Transaction". Kadi nyingi huchukua asilimia 3 ya kila unacholipa nje ya Marekani. Nyingine hazichukui kitu. Familia iliyotumia dola 1,500 Dar es Salaam na Zanzibar kwa kadi ya asilimia 3 imelipa 45 kwa ajili ya kuvuka mpaka tu. Halafu kuna ile mashine ya hotelini inayokuuliza ulipe kwa dola au kwa shilingi. Dola inaonekana ndiyo unayoizoea, lakini ukiichagua unabadilishiwa kwa bei ya mwenye mashine, ambayo ni mbaya, na ile asilimia 3 bado inaweza kukufuata. Chagua shilingi kila mara. Mwombe mhudumu akupe mashine ubonyeze mwenyewe, kwa sababu wengine hubonyeza dola wakidhani wanakurahisishia.

Kuhamisha deni kwenda kadi yenye sifuri kunasikika kama msaada, na wakati mwingine ni msaada kweli. Ada yake ni asilimia 3 hadi 5, inalipwa mwanzo. Deni la dola 3,000 kwa asilimia 5 linakuwa 3,150 kabla hujaanza. Kama unalipa riba ya asilimia 28 huko ulikotoka, bado ni faida. Hatari iko kwingine: ukibeba deni lililohamishwa, na manunuzi mapya hayamo kwenye ile sifuri, kila unachonunua kinaanza kula riba siku hiyohiyo. Kadi ya kuhamishia deni ifungie kabatini.

Ada ya kuchelewa kwenye kadi nyingi imekuwa ikicheza kati ya dola 30 na 41. Mwaka 2024 serikali ilitoa kanuni ya kuishusha mpaka dola 8 kwa benki kubwa. Kanuni hiyo ikafutwa mahakamani mwaka 2025. Ila benki haziruhusiwi kukutoza zaidi ya kile kima cha chini ulichotakiwa kulipa: kama ulitakiwa kulipa 15, ada haiwezi kuwa 30. Riba ya adhabu ni jambo zito zaidi. Ukichelewa zaidi ya siku 60, wanaweza kuipandisha riba ya deni ulilo nalo tayari, mara nyingi hadi asilimia 29.99. Ukilipa kwa wakati miezi 6 mfululizo baada ya hapo, wanalazimika kuirudisha ilipokuwa kwa deni hilo la zamani.

Hatua ya 6: Kama kadi ni ya kuanzia, jumlisha ada za mwaka mzima

Turudi kwa kijana wangu. Dola 75 kwa kikomo cha 300 ni asilimia 25 kamili, na si bahati mbaya. Sheria ya 2009 ilisema ada za mwaka wa kwanza zisizidi robo ya kikomo cha kuanzia. Wakapiga hesabu, wakasimama palepale kwenye mstari. Sharti hilo la robo linahusu ada zinazotozwa baada ya akaunti kufunguliwa, kwa hiyo kadi nyingine zinaomba "ada ya programu" kabla ya kuifungua. Na linahusu mwaka wa kwanza, kwa hiyo soma mstari unaosema "baada ya hapo": mara nyingi ada ya kila mwezi inaanza mwezi wa 13, wakati umeshazoea kadi na huwezi kuifunga bila kujiuliza itaathiri vipi alama zako za mikopo (credit score).

Andika kwenye karatasi: ada ya kufungulia, ada ya mwaka, ada ya mwezi mara 12, ada ya kuongezewa kikomo. Ndiyo, wapo wanaotoza hata hiyo. Linganisha na kadi ya dhamana, ambapo unaweka dola 200 zako mwenyewe, zinakuwa ndizo kikomo chako, na ukifunga akaunti bila deni unarudishiwa. Zipo kadi za dhamana zisizo na ada ya mwaka kabisa.

Kabla ya yote hayo, ulizia chama cha kuweka na kukopa mtaani kwako. Huku vinaitwa credit union, ni ndugu wa SACCOS zetu: wanachama ndio wenye mali. Vilivyosajiliwa kitaifa vina kikomo cha riba cha asilimia 18 tangu mwaka 1987, na hicho kinagusa hata kadi. Havitumi bahasha nyingi zenye rangi, na ndiyo sababu wengi wetu hatuvijui.

Hatua ya 7: Zawadi ya kukaribishwa, na simu ya "kukukinga"

"Tumia dola 3,000 ndani ya miezi 3 upate 200." Swali ni moja tu: kila mwezi unatumia dola 1,000 kwa vitu vinavyolipika kwa kadi, bila kujilazimisha? Kama kodi ya nyumba hailipiki kwa kadi, labda hutumii. Ada ya mwaka haihesabiki kwenye hizo 3,000, wala pesa taslimu, wala deni lililohamishwa. Na ada ya mwaka isiyolipwa "mwaka wa kwanza" iandike kwenye kalenda ya simu, mwezi mmoja kabla haijafika.

Ukishapata kadi, unapiga namba ya kuiwasha, na sauti nzuri inakuuliza kama ungependa kukingwa ukipoteza kazi au ukiugua. Sema hapana, kisha uliza kwa maneno kamili kama kuna huduma yoyote ya ziada uliyounganishwa nayo. Hili lina historia. Mwaka 2012 mamlaka ya serikali ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha, CFPB, iliiamuru Capital One irudishe takriban dola milioni 140 kwa wateja walioingizwa kwenye huduma za ziada za namna hiyo kwa njia za kupotosha.

Hatua ya 8: Taarifa ya mwezi wa kwanza isome kwa kalamu pia

Taarifa lazima itumwe angalau siku 21 kabla ya tarehe ya kulipa, na tarehe hiyo iwe ileile kila mwezi. Tafuta kijisanduku kinachokuambia itakuchukua muda gani kumaliza deni ukilipa kima cha chini tu. Mfano wa deni la dola 2,000 kwa asilimia 24: riba ya mwezi ni kama dola 40. Kadi nyingi huweka kima cha chini kuwa riba hiyo pamoja na asilimia 1 ya deni, yaani dola 60. Umetoa 60, deni limepungua 20. Kijisanduku hicho kinakuonyesha pia kiasi cha kulipa kila mwezi ili umalize kwa miaka 3. Hiyo ndiyo nambari ya kubandika kwenye friji.

Na kuna mkia, ambao uliniuma mimi mwenyewe. Nilikuwa na deni kwenye kadi ya benki moja, nikalibeba miezi mitano. Siku nilipopata pesa nikalipa kiasi chote kilichoandikwa kwenye taarifa, nikaikata kadi kwa mkasi, nikaendelea na maisha. Bahasha zilizofuata sikuzifungua. Za nini, sidaiwi. Kumbe kati ya siku taarifa ilipochapishwa na siku malipo yangu yalipofika, deni lilikuwa bado linazaa. Riba ya siku hizo ilikuwa dola 14 na senti. Mwezi uliofuata ikaongezeka ada ya kuchelewa. Siku 30 zikapita, wakaniripoti kuwa mdeni asiyelipa, na nilikuja kulijua hilo mbele ya mtu wa benki nilipokwenda kuomba mkopo wa gari. Kwa dola 14!

Kwa hiyo, ukimaliza deni ulilolibeba, piga simu uulize kiasi cha kumaliza kabisa kwa tarehe ya leo, ulipe hicho, na endelea kufungua taarifa mbili zinazofuata mpaka uone sifuri mara mbili. Kama unaona tozo usiyoielewa, ipinge kwa barua ndani ya siku 60 tangu taarifa ilipotumwa. Sheria ya mwaka 1974 inawalazimisha waichunguze. Na kama ni ada ya kuchelewa ya mara ya kwanza, omba tu kwa adabu ifutwe. Mara nyingi wanaifuta. Mimi yangu ilifutwa kwa simu ya dakika nne, ingawa ile alama kwenye historia ilichukua barua tatu.

Hatua ya 9: Zizuie barua zenyewe

Barua hizi haziji kwa kubahatisha. Benki inanunua orodha ya majina kutoka kwa Equifax, Experian na TransUnion, kampuni zinazotunza historia zetu za mikopo. Sheria inakupa haki ya kutolewa kwenye orodha hizo, na kila barua ya "umeidhinishwa" lazima iseme hivyo mahali fulani kwa maandishi. Anwani ni optoutprescreen.com, na simu ni 1-888-567-8688. Ukitumia simu au ukibonyeza mtandaoni unapata miaka 5. Watakuuliza namba yako ya Social Security, kwa hiyo andika anwani ya tovuti mwenyewe, usibonyeze kiungo ulichotumiwa na mtu.

Barua hazitakatika siku hiyohiyo. Zilizokwisha kuchapishwa zitaendelea kuja kwa wiki kadhaa. Zichane vipande vidogo, hasa zenye cheki ndani. Ukitaka kutolewa kwa kudumu, tovuti itakupa fomu ya kuchapisha, kutia saini na kutuma kwa posta. Bahasha ya kuombea kadi huja imeshalipiwa stempu. Ya kujitoa, stempu unanunua mwenyewe.